Kumrudisha Marehemu kwa Asilimia Mia

Wako watakaoshangaa kuona jarida la hadithi na mashairi limetoa kurasa zake kwa gemu ya kwenye televisheni. Nawaomba wavumilie kidogo. Uhakiki tuliofundishwa shuleni ulituambia tutazame fani na maudhui, na sikumbuki mwalimu yeyote akisema kwamba fani lazima iwe ya karatasi. Kazi ninayoizungumzia hapa inaitwa Final Fantasy X-2. Ni ya Wajapani, ilitoka kwao Machi 2003 na Marekani Novemba ya mwaka huo huo, kwa ajili ya mashine ya PlayStation 2. Inaendeleza Final Fantasy X ya mwaka 2001. Katika mfululizo huo mrefu, kila gemu ilikuwa na desturi ya kuanza na dunia yake mpya na watu wake wapya. Hii ndiyo ya kwanza iliyochukua hadithi ya iliyotangulia na kuuliza: enhe, baada ya pale ikawaje?

Nimeimaliza mara mbili. Mara ya kwanza kwa asilimia 68, mara ya pili kwa 100. Hesabu hiyo siyo yangu, ni gemu yenyewe inayomhesabia mchezaji ni kiasi gani cha hadithi amekiona. Na nathubutu kusema kwamba ile mara ya pili ndiyo kazi yenyewe. Aliyeimaliza mara moja akaiweka kando amesoma rasimu.

Kwa asiyeijua hadithi ya kwanza, ni hivi. Katika dunia iitwayo Spira kuna dude kubwa la kutisha, Sin, linalofuta miji na vijiji. Wapo watu wenye kipaji cha kuita mizimu, nao husafiri kuhiji hadi magofu ya Zanarkand ili wapate nguvu ya kuliua. Wakishaliua, na wao hufa papo hapo, na baada ya miaka michache ya amani dude hurudi. Yuna, binti wa miaka 17, ni mmoja wa mahujaji hao. Katika safari anampenda kijana Tidus, anayedai ametoka Zanarkand ya miaka elfu moja iliyopita. Kumbe huyo kijana siyo mtu kamili. Ni ndoto inayootwa na mizimu. Siku Sin anapouawa moja kwa moja, mizimu inaacha kuota, na Tidus anafutika. Yuna anakimbia kumkumbatia, anapita katikati yake kama anayekumbatia moshi, anaanguka kwenye sakafu ya chombo. Jamani, pale hata wenye roho ngumu wanageuza uso pembeni.

Sasa fungua gemu ya pili. Miaka miwili imepita. Taa zinawaka, umati unapiga kelele, na anayeonekana jukwaani anaimba na kucheza, kaptura fupi, ni Yuna! (Baadaye kidogo tunagundua ni mwizi aliyevaa sura yake, lakini mshtuko umeshaingia.) Wapenzi wengi wa gemu ya kwanza, duniani kote, hawakuisamehe picha hiyo. Walisema huzuni kubwa imegeuzwa disko. Hata kwetu sauti hiyo ipo: nilipoichezea Kisarawe, vijana wawili wa nyumbani waliokuwa wameiona ya kwanza walianza kulalamika kwamba huyu dada amesahau upesi. Shangazi yangu alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele. Akauliza:

"Mwanangu, huyu si yule aliyefiwa?"

"Ndiye, shangazi."

"Ana muda gani?"

"Miaka miwili sasa."

"Basi eda imekwisha zamani. Muacheni acheze."

Sijasoma uhakiki wa gemu hii ulioizidi kauli ile. Mtu wa Uzaramo anajua kwamba matanga yana siku ya kuondolewa, na siku hiyo watu hula, na wakati mwingine hupigwa ngoma, na hakuna anayesema marehemu ametupwa. Mwanamke akimaliza miezi minne na siku kumi anaogeshwa, anapewa nguo mpya, anatoka nje. Nguo! Hapo ndipo fani ya gemu hii ilipo. Yuna na wenzake wawili, Rikku na Paine, wanapigana kwa kubadili nguo katikati ya vita: akivaa hii anakuwa mpiga bastola, akivaa ile mganga, akivaa nyingine anakuwa mwimbaji ambaye adui wanazubaa wakimtazama. Wengi waliiona kama upuuzi wa kuwafurahisha wasichana, au wavulana. Mimi naona waandishi wamefanya kitu ambacho sisi tungekieleza kwa sura nzima ya riwaya: mjane anajaribu nafsi moja baada ya nyingine aone ipi inamkaa, baada ya ujana wote kuandaliwa kwa ajili ya kufa tu. Maana Yuna hakupangiwa maisha baada ya miaka 17. Yote anayoyaishi ni ya nyongeza.

Na zile nguo hazikuja tupu. Vazi la mwimbaji limebeba kumbukumbu za Lenne, mwanamke aliyeuawa kwa risasi miaka elfu moja nyuma pamoja na mpenzi wake Shuyin. Kila Yuna analivaa, machozi na maneno yasiyo yake yanampanda. Shuyin naye, ambaye roho yake haijatulia, anaingia katika miili ya wanaume walio hai na kusema kwa midomo yao. Mzungu anayehakiki hili atahangaika na nadharia. Kisarawe neno lipo tayari: Yuna ni kiti. Pepo anataka kusikilizwa, na ngoma haitakwisha mpaka aseme anachokitaka. Na kweli, mwisho wa gemu dawa siyo upanga. Shuyin anatulizwa pale tu anapoletewa Lenne ndani ya mwili wa Yuna na kuambiwa yale ambayo kifo kiliwakatizia.

Upande wa siasa, kazi imesimama vizuri halafu ikaogopa. Gemu ya kwanza ni hadithi ya kuiangusha dini ya uongo, tuseme ni hadithi ya uhuru. Ya pili ni ya baada ya uhuru, na hiyo fasihi yetu inaijua mno. Nani alisoma Gamba la Nyoka ya Kezilahabi, ya mwaka 1979, asijue ladha ya sherehe iliyokwisha na viti kubaki vimepinduka? Spira imegawanyika. Wako wazee na wapole wanaotaka mabadiliko ya polepole chini ya jina jipya la dini ileile, wako vijana wenye hamaki wanaotaka ukweli wote utolewe hadharani, na wako mafundi wa mashine ambao wanasema siasa mtamaliza wenyewe. Mchezaji anatakiwa kuchagua ni nani kati ya makundi mawili ya mwanzo ampe ushahidi wa zamani uliopatikana. Nilikaa na uamuzi ule nusu saa nzima. Lakini uliyemnyima anakununia kwa muda, mambo mawili matatu yanabadilika, halafu mwisho viongozi wote watatu wanageuka kuwa marafiki wa zamani waliokosana kwa sababu ya Shuyin. Eti pepo ndiye aliyewagombanisha! Hapo nilisikia hasira. Njaa ya vijana wale na woga wa wazee wale vilikuwa na sababu zake, na mwandishi amevikabidhi kwa mganga. Nilipocheza mara ya pili na kuchagua upande mwingine, ndipo niliposhuhudia vizuri jinsi njia mbili zinavyoungana upesi mno kabla hata hujazoea tofauti.

Hapa niseme kidogo namna gemu ya aina hii inavyochezwa kwetu, kwa kuwa inahusu hoja. Vibanda vya gemu vya Kibaha, kuanzia Maili Moja kwenda Picha ya Ndege, vinaishi kwa mpira. Unalipia mechi, unafungwa, unampisha mwenzako. Hakuna mwenye kibanda atakayekuacha na mashine kwa saa arobaini usome maandishi ya Kiingereza wakati foleni ya watoto wana sarafu mkononi. Ndiyo maana gemu za masimulizi, ambamo mchezaji anavaa uhusika na kuishi nao wiki nzima, hazina soko huku. Zinachezwa majumbani, na nyumba yenye PlayStation 2 inayofanya kazi leo ni ya kutafuta, maana hata viwandani uzalishaji wake ulikoma mwanzoni mwa 2013. Mimi nilimaliza ya kwanza Kibaha kwa mashine ya rafiki, na ilipokufa nikabeba CD na memori kadi yangu ya megabaiti 8 hadi kwa shangazi. Kibaha na Kisarawe ni wilaya zinazopakana, ukitazama ramani unaona kama unaweza kurusha jiwe. Lakini wengi wetu tukitaka kwenda kwa gari tunazungukia Dar: unateremka Mbezi, unaunganisha hadi Gongo la Mboto, unapanda Pugu, ndipo unafika juu kule kwenye ubaridi. Hadithi nzima ya Spira ilikuwa mfukoni mwa shati, ndogo kuliko kiberiti.

Ukianza mzunguko wa pili, gemu inakufanyia jambo ambalo nalihusudu kama mtu anayetaka kuandika. Inakuachia nguo zako zote na vitu vyako, na asilimia yako inaendelea pale ilipoishia, lakini nguvu za wahusika zinarudi kwenye ngazi ya kwanza. Unajua kila kitu na huwezi kitu. Si ndivyo ilivyo kurudia kitabu? Kezilahabi, aliyefariki Januari 2020, alituachia Nagona na Mzingile, riwaya mbili fupi za 1990 na 1991, ya pili ikiwa mwendelezo wa ya kwanza. Ukiimaliza Mzingile unalazimika kurudi Nagona, na unaporudi unakuta una ramani lakini miguu ni ileile ya mgeni. Wanafunzi wengi wanaziogopa riwaya hizo kwa sababu wanazisoma mara moja, kwa mtihani.

Na namna ya kufika asilimia 100 nayo inasema neno. Ziko sehemu ambazo mchezaji anaweza kubonyeza akaruka mazungumzo. Akiruka, anapoteza sehemu ya asilimia, na hatapata mia. Yupo mzee mmoja, Maechen, msomi anayezurura akisimulia historia. Mzee huyu anaongea! Anaanza na daraja, anaingia kwenye vita, anapotea kwenye jina la mtu fulani, anarudi. Mchezaji mwenye haraka anamkatiza, kama vijana wanavyomkatiza mzee kwenye msiba akianza kutaja ukoo. Gemu haimkemei. Inaweka tu alama kimya kimya kwamba huyu hakusikiliza, na saa thelathini baadaye anashangaa kwa nini amefika 98 akagota. Kisha, kwa yule aliyesikiliza, inafika siku Maechen anamwomba Yuna wapeane mkono, na katika kupeana mkono anatambua jambo aliloanza kulishuku, kwamba yeye mwenyewe amekufa miaka mingi na alibaki kusimulia tu. Anaaga, anakwenda zake. Nilisimamisha gemu nikatoka nje.

Siyo kwamba kila kinachohesabiwa kina uzito huo. Kuna kazi za kugawa matangazo na kumtafutia mchumba mtoto wa tajiri, kuna kurekebisha minara ya radi kwa kubonyeza vitufe mpaka kidole gumba kinakufa ganzi. Hizi ni jalala, na ninashuku watengenezaji walijua. Lakini chukua lile la nyani. Zanarkand, yale magofu matakatifu ambayo katika gemu ya kwanza watu walilia wakiyaona kwa mbali, sasa watalii wanatembezwa humo kama Kaole. Yuna anasononeka. Suluhisho? Anawatafutia nyani wa pale wenza, mmoja baada ya mwingine, mpaka nyani wanazaliana na watalii wanakimbia. Nilicheka peke yangu. Ni ngano kabisa, ya bibi, ya wanyama kuwafukuza wenye pesa, na imewekwa ndani ya kazi ya mamilioni ya dola bila kuomba radhi.

Tufike mwisho wenyewe, kwa kuwa ndipo watu wanapogombana. Kuna mwisho wa namna kadhaa. Ukipita tu, Yuna anarudi na wenzake kwenye chombo chao na maisha yanaendelea. Lakini kuna mahali katikati ya hadithi Yuna amepotea peke yake katika nchi ya wafu, na ukibonyeza kitufe unasikia mluzi. Mara nne. Katika gemu ya kwanza Tidus alimfundisha kupiga mluzi, akamwahidi kwamba akipotea apige naye atakuja. (Kwetu kupiga mluzi usiku ni kuita nyoka, shangazi alininyamazisha pale.) Aliyeufuata mluzi ule, mwishoni anaulizwa na mzimu mdogo kama anataka kumwona tena. Akiitikia, Tidus anaibuka baharini Besaid na Yuna anamkimbilia, na safari hii mikono haipiti hewani.

Hasira yangu ya mara ya kwanza ilikuwa hapo. Kifo kilichonifundisha kusoma kimefutwa kwa kitufe. Ndiyo tabia ya hadithi za mfululizo: Willy Gamba wa Musiba anatoka Kufa na Kupona anaingia Njama bila kovu, Joram Kiango wa Mtobwa naye vivyo hivyo, na sisi tunashukuru kwa sababu tunataka arudi. Msomaji anadai, mwandishi anatoa.

Ila mwenye asilimia 100 anaongezewa kipande. Yuna na Tidus wamekaa Zanarkand, na Yuna anamuuliza kama yeye ni mtu wa kweli sasa. Tidus hana hakika. Anadhani huenda mizimu iliokota vipande vya mawazo yake ikaviunganisha. Au huenda bado ni ndoto. Kwa hiyo anaweza kutoweka tena? Anamjibu kwa utani wa nusu ukweli kwamba basi amtunze vizuri. Wanafukuzana kama watoto, na kisha anatumbukizwa majini. Basi.

Tazama mpangilio huo ulivyo wa ajabu. Aliyefanya kazi kidogo anapewa furaha isiyo na swali. Aliyesikiliza kila mzee, akawaoza nyani, akavaa kila nguo, huyo ndiye anayepewa shaka. Zawadi ya kukamilisha ni kurudishiwa kile ambacho mwisho wa furaha ulikuwa umekichukua, yaani uwezekano wa kumpoteza. Wanaosema gemu hii imeuza msiba wa ile ya kwanza hawajafika huku, na siwalaumu, maana ni saa nyingi na umeme wenyewe tunaujua.

Ninaliandika hili nikiwa na sababu ya mtu binafsi. Mswada wangu wa kwanza wa riwaya unamalizika kwa kifo cha mchoma mkaa ndani ya msitu wa Kazimzumbwi. Wanne waliousoma wote wameniambia maneno yale yale: katika kitabu cha pili mrudishe, sema hakufa, sema alikimbilia Rufiji. Mmoja alinipa na namna ya kufanya, kwamba mwili uliozikwa ulikuwa wa mwingine. Nilikuwa nimejiandaa kukataa katakata, kwa kuwa nimelelewa na uhakiki unaosema kifo cha mhusika ni dhamira na dhamira haifukuliwi. Sasa nimeanza sura ambamo anaonekana kwenye gulio la Maneromango, kwa mbali, na mjane wake amesimama na kikapu. Bado sijaandika kama anageuka. Lakini nimekwishaamua kwamba kabla ya sura hiyo msomaji atakaa kurasa arobaini na baba mzazi wa marehemu, mzee anayeongea sana, na ninatafuta jinsi ya kumjua atakayeziruka.